Beria, Jina Lisilotamaniwa na Mtu

Kama umewahi kulala katika nyumba ya mawe pale Kitengela, moja ya zile zilizoota haraka haraka kati ya mwaka wa tisini na tano na elfu mbili, basi huenda umelala ndani ya kuta za Beria Mulwa na hujui. Alikuwa fundi wa mawe, mrefu, mkimya, mwiko kwenye mfuko wa nyuma, na ukuta wake haukuwahi kutoa tumbo. Nataka nikupe habari zake. Lakini usiniulize mwishoni kama nimezielewa, maana mwenyewe hakuzielewa, na ndiye aliyepatwa nazo.

Miaka thelathini na mitano alilibeba jina lake bila kulitazama, jinsi mtu anavyobeba pua yake. Watu wa Magharibi mwa Kenya waliofanya naye kazi walidhani Beria ni jina la Kikamba. Wakamba wenzake walidhani ni la Kizungu. Yeye alijua tu kwamba limo mahali fulani ndani ya Biblia, kwa sababu mama yake alimwambia hivyo akiwa mdogo, na hapo habari ikaisha.

Shida yake haikuwa jina. Shida yake ilikuwa watoto. Yeye na mkewe Ndunge, aliyekuwa akishona nguo katika kiwanda kimoja upande wa Athi River, walikuwa wamezika wawili. Wa kwanza alizaliwa kimya, mwaka wa tisini na sita. Wa pili alilia, akanyonya, akafungua macho, akaishi siku nane. Siku nane, jamani! Siku nane zinatosha kabisa kumzoea mtoto. Sasa ilikuwa mwanzo wa mwaka elfu mbili na moja, Ndunge alikuwa na mimba ya miezi minne chini ya leso, na nyumbani kwao hakuna aliyethubutu kuitaja kwa sauti. Beria alikuwa akirudi kutoka mjengo, anamwangalia mkewe usoni kwanza, halafu tumboni, halafu ndipo anavua viatu.

Ndipo ikaja semina.

Mchungaji Macharia hakuwa mtu mbaya. Nalisema hilo mapema kwa sababu najua mtakavyomkunjia uso. Alikuwa na kanisa la mabati karibu na soko la mbuzi, alizika watu bila kudai kitu, na alimwombea Ndunge kwa machozi ya kweli. Lakini mwezi wa pili mwaka ule alipata kitabu kinene cha maana za majina, na mtu akipata kitabu kama hicho hatulii. Akatangaza semina ya Jumamosi nzima. Kila mtu aje na jina lake, lifunguliwe.

Watu walijaa. Kina Ruthu na Danieli walifunguliwa wakapigiwa makofi, kila mmoja akarudi kitini akiwa amenyoosha mgongo. Zamu ya Beria ilipofika, mchungaji alipekua karatasi, akasoma, akasoma tena. Akaivua miwani.

"Ndugu Beria, hili jina ulipewa na nani?"

"Na mama."

"Mama yako anakupenda?"

Watu wakacheka. Mchungaji hakucheka. Akaeleza kwamba zamani za kale palikuwa na mtu aitwaye Efraimu, na wanawe waliuawa na watu wa Gathi kwa sababu walishuka kwenda kuwanyang'anya mifugo. Efraimu akaomboleza siku nyingi. Baadaye akapata mtoto mwingine, akamwita Beria, kwa kuwa mabaya yalikuwa yameipata nyumba yake. "Mabaya," akarudia mchungaji. "Msiba. Kila mtu akikuita uje ule ugali, anauita msiba uje mezani. Ndugu yangu, wewe na dada Ndunge muko na watoto wangapi?"

Mabati yakasikika yakilia kwa jua. Ndunge aliinuka kwenye benchi, akajifunga leso vizuri, akatoka nje. Beria alibaki amesimama mbele ya watu na hakujua aweke wapi mikono.

Jumatatu yake kazini hakuweza hata kuvuta kamba ya ukuta ikanyooka. Mwenzake wa miaka mingi, Wakhungu, fundi mwenye mdomo usiolala, alimtoa habari yote kabla ya saa nne.

"Kwa hiyo wewe ni Msiba," Wakhungu akasema, akikoroga saruji. "Na nimekaa na wewe kwa mbao moja miaka sita! Ndiyo maana nilianguka pale tukijenga kwa mwalimu."

"Ulianguka kwa sababu ulikuwa umekunywa."

"Hata hiyo pombe nani aliniletea kiu? Ni jina lako."

Lakini Wakhungu alikuwa rafiki. Jumapili alipokwenda misa alimuuliza padri wake, akarudi na jibu amelishika kwa mikono miwili. Padri alisema ni kweli kitabu kinalihusisha jina hilo na mabaya. Ila wapo wasomi wengine wanaosema kwamba katika Kiebrania huenda maana yake ni zawadi. Hawajaelewana.

"Zawadi ama msiba?" Beria akauliza.

"Hawajaelewana, nakwambia."

"Wao wamesoma hicho Kiebrania na hawajaelewana. Mimi nitaelewana na nani?"

Wakhungu akachukua koleo, akarudi kwenye saruji yake.

Usiku na mchana Beria aliyageuza hayo mawili. Akiona Ndunge ameshika kiuno, jina lilikuwa msiba. Akiona amecheka, lilikuwa zawadi. Mama mwenye ploti, Naserian, Mmaasai mtu mzima aliyewasalimu wapangaji wake "sopa" kila asubuhi mpaka wote wakajua kuitikia "ipa", alisimuliwa habari ya Efraimu, na kitu pekee alichokishika ni mifugo. "Kumbe hata huko walikuwa wanaibiana ng'ombe?" akasema kwa furaha. "Basi hao ni watu wa hapa." Hakuona tatizo lingine.

Ndunge ndiye aliyekata shauri. "Mimi sijui Kiebrania," alimwambia mumewe, akiosha vyombo nje, bila kumtazama. "Lakini nikizika wa tatu na kulikuwa na kitu tungefanya tukakosa kufanya, sitajisamehe. Hata wewe sitakusamehe."

Nani angebishana na hapo? Jumapili iliyofuata Beria alipiga magoti, akapakwa mafuta, akalikana jina lake mbele ya watu, na Mchungaji Macharia akampa jipya. Asheri. Maana yake mwenye heri. Vigelegele vikapigwa, na Ndunge akalia, na kwa wiki nzima alilala usingizi mzuri. Kwa hilo tu Beria angekubali kuitwa chochote.

Tatizo ni kwamba hakuwa akiitika. Wakhungu alimwita "Asheri! Chai!" mara tatu, mwenzake akaendelea kupiga jiwe nyundo, na kufikia wakati wa kushuka mandazi yalikuwa yamekwisha. Kanisani dada mmoja alimwita kwa nyuma, na yeye akageuka kuangalia ni Asheri gani anaitwa. Alijisikia mwizi wa koti, anayeogopa mwenyewe atatokea kona ile. Hilo alimwambia Ndunge kwa utani. Hakujua ni neno zito kiasi gani.

Mchungaji akawa na neno moja la mwisho. Aliyefunga ndiye afungue. Mama aliyetamka jina lile alitamke tena kwa kulifuta, kwa kinywa chake, kabla mtoto hajazaliwa. Mwezi wa nne, basi, Beria akafunga safari kwenda Rombo.

Rombo kuko mbali, kule chini mpakani karibu na Tanzania, mlima unakutazama kutoka juu na maji yanapita mashambani kwa mifereji. Mama yake, Nzula, alihamia huko na marehemu mumewe miaka ya sabini kulima vitunguu. Beria alimkuta ameinama, sketi ameikunja magotini, akifungulia maji mstari baada ya mstari kwa jembe. Alikuwa mwanamke mwembamba, mkali kidogo, na hakuacha kazi kwa sababu mgeni amekuja.

"Mwaitu," Beria akamwita, kwa jina ambalo Wakamba huwaita mama zao. Wakasalimiana, wakaulizana habari za Ndunge, wakaulizana za mvua. Halafu akamweleza. Semina, kitabu, Efraimu, watu wa Gathi. Nzula alisikiliza akiangalia maji.

"Najua maana yake," akasema. "Nililitafuta hilo jina. Halikuniangukia."

 Beria akaketi kwenye tuta, juu ya tope.

Nzula akamsimulia, na ni jambo ambalo hakuwa amelisema tangu ahamie Rombo. Kabla ya Beria aliwazaa wawili, kule Kilungu. Majina yao yalitoka kwa katekista, mazuri, ya ukurasa mmoja wa Biblia, yenye heri na bahati. Wa kwanza alikwenda akiwa na miezi mitatu. Wa pili alikwenda na surua, ameshaanza kusimama kwa kushika ukuta. Alipopata mimba ya tatu, mama mkwe wake alimkalisha chini akamwambia: wewe unawapa watoto majina matamu, na kifo kinapenda vitamu. Huyu tutamwita Mbiti. Mbiti ni fisi. Ndivyo Wakamba walivyofanya tangu zamani kwa mama aliyezika. Mtoto anapewa jina la kuchukiza, ili kifo kikipita mlangoni kikisikia anavyoitwa, kiseme, aah, huyu hana faida, kiende zake.

"Katekista akakataa," Nzula akasema. "Akaniambia fisi habatizwi. Nami nikamwambia, basi nitafutie fisi aliye ndani ya hicho kitabu chako. Alifungua kurasa kuanzia mchana mpaka kuku wakaingia ndani. Ndipo akanisomea huyo wa Efraimu, nyumba iliyopatwa na mabaya. Nikasema, huyo huyo. Usiniangalie hivyo, mwanangu. Nilitafuta jina ambalo hakuna mtu angelitamani, nikalipata, nikakuita nalo kwa sauti mpaka mlima wa pili. Na wewe hukufa."

Beria akaguna.  Kumbe mchungaji anasema jina linaita msiba, na mama anasema jina linafukuza msiba, na jina ni hilo hilo moja! "Lakini mwaitu, watoto wangu wamekufa."

"Watoto wako, ndiyo. Wewe hukufa."

"Basi nifungulie. Mchungaji alishanipa lingine, bado wewe tu."

"Alikupa lipi?"

"Asheri."

Jembe likamponyoka Nzula mkononi. Maji yakavunja tuta, yakaanza kumwagika njiani, na yule mama ambaye hangepoteza hata tone hakuyatazama.

"Huyo nilimzika," akasema. "Asheri ni kaka yako. Nilimfunga kwa leso yangu ya harusi nikamzika. Umekwenda umevaa jina la mwanangu aliye kaburini, halafu unataka nikuondolee lile lililokuficha?"

Sasa fikiria wewe. Akilishika jina la zamani, mtoto atakufa, kama mchungaji yuko sawa. Akiliacha, atakufa yeye, kama mama yuko sawa. Na hilo jipya lenye heri limeshakufa mara moja. Beria alikaa kwenye tope akawa hajui hata swali aulize lipi. Lakini kilichomuumiza kilikuja baadaye, wakati Nzula alipoketi kando yake, akauliza kwa sauti ndogo ambayo hakuwahi kuisikia kwake.

"Kwa hiyo mchungaji anasema wajukuu wangu niliwaua mimi?"

"Hakusema hivyo, mwaitu."

"Kama ni jina, ni mimi. Jina nilitoa mimi."

 Beria alikuwa amebeba swali lake kutoka Kitengela mpaka Rombo bila kuona kwamba ndani yake mlikuwa na hilo. Aliondoka kesho yake hajafunguliwa chochote, na mama yake hakumsindikiza mpaka barabarani kama kawaida.

Wiki mbili kabla ya mtoto kuzaliwa, Nzula akatokea Kitengela peke yake, na gunia la vitunguu. Hakusema amekuja kwa nini. Alimkanda Ndunge mgongo, akapika, akafagia ua wa Naserian ambao haukuwa wake. Lakini hakumwita mwanawe kwa jina lolote. Alisema "wewe", alisema "baba", aliposhindwa alimvuta mkono wa shati. Mdomo wake, ndivyo alivyomwambia Ndunge, aliuogopa.

Mwezi wa sita mtoto akaja. Msichana, mweusi, mwenye sauti. Muuguzi pale zahanati, Aketch, alishika kalamu akauliza jina la baba, na Beria akamwambia aache hapo wazi kwanza.

"Baba, jina lako unasahau aje?" Aketch akauliza.

"Sijasahau. Nimechanganyikiwa."

"Ebu rudi basi na hii fomu ukipata akili," Aketch akasema, akamwita mwingine.

Siku ya nne, siku ambayo kwa Wakamba mtoto hupewa jina, ilipita. Msichana wa kwanza hupewa jina la bibi yake mzaa baba, hilo halina mjadala. Ndunge alimpelekea Nzula mtoto mikononi, akangoja. Nzula akatikisa kichwa. "Msimpe jina langu. Na mimi msiniulize jina." Siku ya tano, ya sita, ya saba, nyumba ile ilikuwa na mtoto asiye na jina na baba asiye na jina. Wakhungu alikuja na sukari, akaangalia nyuso zao, akaweka sukari chini akaondoka bila mzaha hata mmoja. Siku ya nane hakuna aliyekula. Ndunge alikaa ameegemea ukuta, mkono juu ya kifua cha mtoto, akihesabu pumzi kwa midomo.

Siku ya tisa asubuhi mtoto aliamka akalia njaa.

Alilia kama mtu aliyekosewa heshima, mpaka Naserian akapiga hodi kuuliza kuna nini. Ndunge alikuwa anacheka na kulia pamoja, hawezi hata kufungua vifungo vya blauzi. Beria alitoka nje. Alimkuta mama yake kwenye kigoda, amejifunika shuka mpaka kichwani, na jua limeshatoka. Akachuchumaa mbele yake.

"Mwaitu, mtoto ni Nzula."

"Wacha, mwanangu."

"Ni Nzula. Na mimi nakwenda kujaza ile fomu, na sitaandika Asheri. Mwenyewe yuko Kilungu, nimemrudishia."

"Na ile maana?" Nzula akauliza kutoka ndani ya shuka. "Kama mchungaji ako sawa?"

"Sijui. Naweza kukudanganya, lakini sijui. Mchungaji amenipa maana yake, padri akanipa yake, hata wao hawaelewani. Wewe ndiye ulikuwa unaniita. Ulipokuwa unaniita nikiwa mdogo, kule Rombo, ulikuwa unasema nini?"

Nzula alifunua uso. 

"Sikuwa nasema mabaya," akasema. "Sikuwa nafikiria Efraimu. Wale wengine wawili niliwaita wakakosa kuitika. Kwa hivyo wewe, nikikuita, nilikuwa nasikiza tu kama utaitika. Hata ukiwa hapo karibu na miguu yangu nacheza na wewe, nilikuwa nakuita. Ulifikiri nina wazimu."

"Na mimi?"

"Uliitika. Kila siku."

Machozi yalikuwa yanamtoka Nzula na hakuyafuta. Beria alikuwa karibu naye kiasi cha kumshika magoti. Yule mama akamkazia macho, midomo ikahangaika kidogo, mdomo ule ulioogopa kwa miezi miwili.

"Beria," akaita.

"Niko, mwaitu."

"Beria."

"Niko."

Nzula akavuta pumzi, akalipiga shuka mabegani, akamsukuma kwa kiganja. "Enda basi ukaandikishe mtoto wako," akasema. "Na ukipita dukani uniletee chumvi."